Milimita Hamsini na Tano

Kila Jumamosi, saa sita kasorobo, nilikuwa naacha mlango wa jikoni wazi kidogo ili nimsikie Falko akipanda. Ngazi za nyumba yetu ni za mawe, na yeye huvaa viatu vya mchuchumio, kwa hiyo nilimsikia tangu anaingia chini: ko, ko, ko, kimya kidogo kwenye kona anapobadilisha mkono wa mfuko, kisha tena ko, ko, ko. Akifika kona ya pili nazima moto. Hadi avue koti na kuketi, supu ya viazi imetulia, inalika. Miaka sita tulikwenda hivyo, na supu yangu haikuwahi kumuunguza ulimi.

Falko ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Roswitha, nami ndiye niliyemlea. Ana miaka thelathini na minne, ndevu nyekundu, na mabega ya babu yake aliyekuwa akibeba marobota ya ngozi. Anafanya kazi manispaa, kitengo cha taka. Anapita mitaani kukagua mapipa, kama watu wametenga karatasi peke yake na maganda peke yake, maana kwetu mtu husamehewa kumwacha mkewe lakini si kutupa chupa kwenye pipa la karatasi. Suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, shati lenye nembo ya mji, na chini mchuchumio mweusi. Si kwa sherehe tu. Kazini, benki, kwa mwoka mikate, mazikoni. Aliwahi kuoa, wakaachana kwa ajili ya mbwa, si kwa ajili ya viatu.

Siku ya kwanza aliponiletea jozi yake niione, alikuwa na miaka ishirini na minane. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akakaa ameshika magoti. Nilikichukua kimoja nikakigeuza, nikasogea nacho dirishani.

"Bibi, husemi kitu?"

"Mshono mbovu," nikamwambia. "Tazama hapa ubavuni, sindano imeruka mara mbili. Umelipa kiasi gani?"

Akanitajia.

"Wamekupunja."

"Hilo tu?"

"Na kisigino hakikuvalishwa ngozi, kimefungwa tu kama kifurushi cha posta. Mpelekee Gerlinde akivue akivalishe upya. Huwezi kutoka nje ya mji huu na kisigino kama hiki, watu wataniuliza mimi."

Alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi sikuona la kuchekesha. Mji wetu ni mji wa viatu, au ulikuwa. Shule niliishia darasa la nne kwa ugonjwa wa kifua, na nilipotimiza miaka kumi na minne nikaingia kiwandani kwa Bastian, meza ya kushona ngozi za juu. Meza ya pili, ubavuni mwangu, alikuwepo Gerlinde akivalisha visigino. Tulikaa hivyo miaka arobaini, hadi Bastian alipofunga. Kwa kelele za mashine ilibidi useme karibu na sikio la mwenzako, na tulikuwa na desturi yetu wanawake wa pale: ulichoambiwa sikioni hakitoki getini. Aliyekitoa, siku ya pili alikuta kiti chake kimegeuzwa kuelekea ukutani, na kiligeuzwa hivyo mwezi mzima. Gerlinde kiti chake hakikugeuzwa hata siku moja. Wala changu.

Basi Gerlinde akavalisha visigino vya Falko. Kiwanda kilipofungwa alihamishia vifaa vyake kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, milango miwili kutoka kwangu, na bado akipata kazi anafanya. Si kuvalisha tu, alimfundisha na kutembea. Nakumbuka amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anampigia makofi ya mdundo, na jitu zima linakwenda na kurudi uani.

"Usitembee kama umebeba mayai. Kanyaga."

"Nakanyaga, mama Gerlinde."

"Unaomba radhi. Kiatu hakiombi radhi. Tena."

Watu walisema, ndiyo. Kwa msusi walisema mengi, yakiletwa kwangu na watu waliodai hawakuyapenda. Wengine waliona anataka kuwa mwanamke. Wengine waliona ni mambo ya mitandao. Mtoto mmoja alimwuliza dukani, mbele yangu, "Mjomba, mbona umevaa viatu vya mama?" Falko akamjibu, "Ni vyangu, nina risiti." Mtoto akaridhika. Wakubwa nao, kidogo kidogo, wakazoea, maana aliwajibu hivyo hivyo, bila hasira. Akiulizwa kwa nini, anasema, "Navipenda." Hapo mtu anabaki hana pa kushika. Mwaka wa tatu tayari mafundi wa barabara walikuwa wanamtania tu kama wanavyotania kitambi au upara, na yeye akiwatania. Tulifika hapo kwa taratibu, kama unavyolainisha ngozi ngumu, na niliona fahari kuliko nilivyoonyesha.

Sasa niseme lile lingine.

Roswitha alikuwa mhasibu kwenye duka la vigae. Alivaa viatu vyekundu vya kisigino, na kila siku saa kumi na moja na nusu jioni nyumba nzima ilimsikia akipanda. Mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa kazini, Novemba, Falko akiwa na miaka minane. Baba yake alikuwa ameshahamia kusini zamani, kwa mwanamke mwingine. Wiki ya pili baada ya mazishi, saa kumi na moja na nusu, nilikuwa namenya viazi nikasikia ko, ko, ko ngazini. Kisu kilianguka. Nikafungua mlango, nikamwona mtoto kwenye kona ya pili, ameshika reli kwa mikono miwili, miguu yake midogo ndani ya viatu vya mama yake.

Hakulia. Akaniambia, "Nilitaka nyumba isikie amefika."

Nikamwambia aingie, supu tayari. Kabla ya kula akasema, "Bibi, usimwambie mtu. Ahidi." Nikaahidi, tukashikana kidole kidogo, kama watoto wanavyofanya. Alipanda hivyo msimu mzima wa baridi. Majirani walikaa kimya ndani ya milango yao. Machi ikafika, siku moja hakupanda, na hatukulizungumza tena.

Hilo ndilo lililoletwa ukumbini.

Kwetu, wakati wa kanivali, mtu mmoja huingia ndani ya pipa la mvinyo lililokatwa nusu, jukwaani, akawasema watu wa mji kwa beti. Tangu Januari kuna sanduku dukani kwa muuza nyama. Mwenye habari ya jirani yake anaandika karatasi bila jina, anatumbukiza. Ukitajwa, unapanda jukwaani, unakunywa glasi ya mvinyo, unakula andazi la jemu mbele ya watu wote, na unacheka. Asiyecheka atasemwa tena mwakani, na mwaka unaofuata. Msema pipa wetu ni Ottmar, fundi bomba, mtu mwema, anayefikiri kila kitu kinachomliza yeye ni kizuri.

Sisi wazee tuna kikao chetu cha mchana, Jumapili, na kahawa. Falko hunipeleka kila mwaka. Tulikaa watatu meza moja: mimi, yeye na Gerlinde. Alikuwa amevaa jozi yake ya kijani, ya sikukuu, na Gerlinde akainama chini ya kitambaa cha meza kuitazama.

"Cha kulia kimechubuka," akamwambia.

"Ngazi za kituo cha treni, mama Gerlinde."

"Niletee Jumatatu."

Ottmar akapanda pipani, tarumbeta zikalia mara tatu. Akaanza na meya, akaenda kwa padri na pikipiki yake ya umeme, kisha akageukia meza yetu.

"Falko wetu wa mapipa, akija twamsikia,
Ko ko ko barabarani, mifuko twakimbilia."

Ukumbi ukacheka na Falko akacheka kuwashinda. Akanong'ona, "Mwaka huu ameniweka baada ya padri, nimepanda cheo." Akaanza kusukuma kiti chake ainuke. Lakini Ottmar akainua mkono, ngoja, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kanisani.

"Alipokuwa mdogo, mama alipofukiwa,
Viatu vyake vyekundu, ngazini alipandia,
Milimita hamsini, na tano zikatimia,
Ili jirani wadhani, mama amewarudia."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Kulipita sauti kama ya watu mia wanaovuta pumzi, kisha wanawake wakaanza kufungua mikoba kutafuta leso. Meza ya nyuma mtu akasema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe. Kumbe ndiyo sababu." Ottmar mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kofia yake ya kengele.

Sikuthubutu kumtazama Falko. Nilimtazama Gerlinde. Alikuwa anakusanya sukari iliyomwagika kutoka kwenye andazi lake, kwa kidole kimoja, anaifanya kilima kidogo.

Falko akainuka. Desturi ni desturi. Kutoka meza yetu hadi jukwaani ni hatua kama ishirini, sakafu ya mbao, na ukumbi ulikaa kimya wote unasikiliza viatu vyake. Siku zote watu husikia viatu vya Falko wakajua Falko anakuja. Siku ile walikuwa wanasikiliza kitu kingine. Nilimwona anaanza kukanyaga kwa ncha, taratibu, kama amebeba mayai.

Akanywa mvinyo. Akala andazi, lote, akalitafuna bila haraka. Hakucheka. Akarudi, na njiani mke wa mwuza maua akamshika mkono, akambana vidole. "Maskini mwanangu. Na sisi tulikuwa tunakusema. Hatukujua." Akautoa mkono wake kwa adabu.

Tulirudi nyumbani mkono wangu ndani ya wake, kama siku zote. Tukafika mlango wa chini. Pale akaniachia.

"Bibi, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Tulikuwa wawili tu jikoni."

"Mjukuu wangu, sikumwambia mtu. Labda majirani walisikia."

"Majirani walisikia hatua. Hawakusikia nilichokwambia."

"Sikumwambia mtu," nikasema mara ya tatu, na niliamini ninachosema. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa nimesimama pale nadanganya kwa makusudi. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake na kwa niaba yangu, nimeibiwa na sijui mwizi nani.

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema. Akaondoka. Hakunipandisha juu.

Nilikaa na beti zile siku nzima ya Jumatatu. Nilikuwa nazirudia huku nakunja nguo, na kila nikifika kwenye milimita nakwama. Hamsini na tano. Kwa nini Ottmar aseme hamsini na tano? Fundi bomba hajui urefu wa kisigino cha kiatu kilichotupwa miaka ishirini na mingapi. Falko hajui, alikuwa mtoto. Hata mimi sijui. Nilivishika viatu vile mara elfu, ningeweza kukwambia mshono wake una matundu mangapi kwa sentimita, lakini kisigino sikuwahi kukipima. Kisigino hakikuwa kazi ya meza yangu. Mtu wa meza ya kushona anaona uzi. Anayeona milimita ni mmoja tu.

Ndipo ikaja. Januari ya msimu ule ule wa baridi, raba ya chini ya kisigino cha kushoto ilikuwa imetoka, na mtoto alikuwa anateleza kwenye mawe. Niliogopa atavunjika. Nikavifunga kwenye gazeti nikampelekea Gerlinde. Alivipima kama anavyopima kila kitu, akaandika kwa penseli chini ya soli. Akaniuliza, "Vya Roswitha hivi. Unavitengeneza vya nini?" Nikasogea sikioni pake, ingawa hapakuwa na mashine wala mtu, nikamwambia. Nililia. Yeye akaendelea kugonga misumari, akasema tu, "Nitamwekea raba nene."

Nilikuwa nimesahau. Au nililiweka mahali ambapo mtu huweka vitu vya kusahau.

Nikaenda kwake bila koti. Alikuwa chini, anabandua ngozi ya kisigino cha ile jozi ya kijani. Falko alikuwa ameshaileta, kama alivyoambiwa.

"Umekuja bila koti," akasema.

"Milimita hamsini na tano, Gerlinde."

Akaweka kisu chini. Hakukana, kwa hilo namsifu.

"Niliandika ili wajue," akasema. "Nimechoka, Irmgard. Kila nikienda kwa msusi nasikia wanavyomsema. Mara hivi, mara vile. Nikasema, nina jambo moja ambalo wakilijua watafunga midomo. Na wamefunga. Ulisikia mwenyewe. Ukumbi mzima ulilia."

"Nani alikutuma?"

"Huyo mtoto nimemfundisha kutembea mimi. Uani kwangu."

"Nimekuuliza nani alikutuma."

"Hakuna. Wewe unaona fahari, unakaa juu huko na supu yako, mjukuu anapanda kila Jumamosi. Wangu wako Kanada, wananipigia simu nione paka wao. Na mimi nilitaka kumfanyia kitu."

"Nilikwambia sikioni."

"Miaka ishirini na sita nimekaa nalo. Nani mwingine angekaa nalo hivyo?"

"Ungelikaa nalo ishirini na saba."

Akashika kiatu cha kijani, akakigeuza, akapuliza vumbi la ngozi. "Na wewe je," akasema, bila kuniangalia. "Nililipata wapi mimi?"

Kulikuwa na kiti kimoja mle ndani, kile alichonikaribisha siku zote. Nilikigeuza kikaelekea ukutani. Miguu yake ilikwaruza sementi. Ni kitu cha kitoto kwa mwanamke wa miaka themanini na minne, lakini sikuwa na maneno mengine. Gerlinde alikitazama kile kiti, na nikapanda juu kabla sijamwona akilia, maana ningekigeuza tena.

Jumatano ya Majivu, kanivali imekwisha, ofisi zilifunguliwa. Ningeweza kungoja Jumamosi, lakini sikujua kama kuna Jumamosi. Nikachukua fimbo nikaenda manispaa, nikabonyeza mashine ya namba. Arobaini na moja. Falko alikuwa kwenye dirisha la pili, nyuma ya kioo, siku hiyo si ya kukagua. Nikakaa kwenye benchi na watu wa mapipa.

Namba thelathini na saba alikuwa mzee ambaye miaka yote humtukana Falko kwa ajili ya faini zake. Siku hiyo akavua kofia. "Sitabishana na wewe leo, kijana. Umepitia mengi." Namba thelathini na tisa, mwanamke mwenye mtoto kwenye kigari, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anavyomtazama ndege aliyegonga dirisha. "Ni vizuri unamkumbuka mama yako hivyo, kila siku, miguuni."

"Simkumbuki miguuni," Falko akamwambia. "Pipa lako la kahawia, la maganda, tatizo ni nini?"

"Usione aibu," mwanamke akasema.

Miaka sita alikuwa anawajibu "navipenda," na walikuwa wameanza kumwamini. Sasa hakuna atakayemwamini tena. Wana sababu mkononi, tena nzuri, yenye mama na kaburi. Nilikaa pale nikaelewa kilichoibwa, na kwamba si kile nilichodhani.

Arobaini na moja ikawaka. Nikaenda dirishani. Alikuwa na macho mekundu kidogo, ameshika kalamu.

"Bibi. Una tatizo la pipa?"

"Nilimwambia Gerlinde," nikasema. "Ulipokuwa unapanda bado. Raba ilitoka, nikampelekea viatu, nikamwambia. Ni yeye aliyeandika. Jumapili nilipokwambia sikumwambia mtu, nilikuwa nimesahau. Lakini nilimwambia."

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Nilijua ni mama Gerlinde," akasema. "Jumatatu nilipompelekea viatu, hakuniuliza kitu. Mtu asiyejua angeuliza kama ni kweli."

"Na ukamwachia viatu?"

"Nani mwingine anavalisha kisigino mji huu?"

"Nimegeuza kiti chake."

"Kwa nini? Mama Gerlinde hakuniahidi kitu, Bibi." Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angepiga meza ningejua pa kushika. "Hakunishika kidole. Wewe ulinishika."

"Nilikuwa naogopa utaanguka ngazini."

"Ungeweza kusema raba imetoka. Ingetosha."

Kweli ingetosha. Miaka yote hiyo Gerlinde hakuhitaji zaidi ya hapo ili agonge misumari minne.

"Unajua kinachonikera?" akasema, akisogea karibu na kile kioo chenye matundu. "Siyo kwamba wamejua. Viatu hivi nilivinunua kwa sababu niliviona dirishani nikavitaka. Vilikuwa vyangu. Sikuwa na huzuni yoyote siku ile, nilikuwa nimetoka kula soseji. Sasa kila nikikanyaga wananisikia mimi mwenye miaka minane. Na hata mimi nimeanza kumsikia."

Nikauliza kama atakuja Jumamosi.

"Bibi, kuna mtu nyuma yako."

Jumamosi nilipika. Viazi, karoti, majani ya figili, na keki ya plamu pembeni, maana kwetu hivyo viwili havitengani. Saa sita kasorobo nikaacha mlango wazi kidogo. Nikasimama na kijiko mkononi, nasikiliza. Mlango wa chini ulilia, nikafikiri ni mtu wa ghorofa ya kwanza. Baada ya hapo kimya. Saa sita ikapita. Supu ilikuwa inachemka na mimi sikujua niizime au niiache, kwa sababu siku zote ni yeye aliyeniambia, kwa miguu yake, bila kujua.

Mlango ukagongwa. Nilishtuka hadi nikamwaga supu kidogo.

Alikuwa amesimama nje, kwa soksi. Soksi za kijivu, nzuri, kidole kimoja kimetoboka. Viatu vya kijani vilikuwa mkononi mwake, ameshika visigino kwa vidole viwili. Cha kulia kilikuwa kimevalishwa upya, ngozi imekaa kama maji. Kazi ya Gerlinde, hakuna anayebisha.

"Mawe ni ya baridi," nikasema. "Utaugua."

"Si ngazi nyingi."

"Umevua chini?"

"Nimevua chini."

Aliviweka juu ya gazeti pembeni ya mlango, akaketi mahali pake. Sikumwuliza. Mjini alivivaa, mke wa mwuza maua alishanipigia simu kuniambia amemwona navyo mtaa mzima, kichwa juu, na kwamba amelia tena. Kwa hiyo hakuviacha. Ameacha tu kuzipanda ngazi zangu navyo.

Nikapakua, nikamwekea sahani mbele. Akachota, akatia mdomoni, akasimamisha kijiko hewani.

"Moto," akasema.

"Sikukusikia."

"Najua."

Akapuliza. Alikula yote na keki vipande viwili, akanieleza habari ya mzee wa namba thelathini na saba, kwamba tayari ameanza kumtukana tena, na kwamba hilo limemfurahisha. Akaosha vyombo. Akanibusu kichwani. Kisha akachukua viatu vyake kwenye gazeti, akafungua mlango, akashuka, na mimi nikaegemea reli kule juu nikitazama mkono wake ukizunguka kona ya pili, kona ya kwanza, bila sauti yoyote.

Mlango wa chini ukafungwa. Nikaenda dirishani nikafungua, ingawa ni Februari. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anavaa, kimoja, kingine. Akainuka, akavuta suruali chini, akaondoka. Ko, ko, ko, kwenye lami, akipita mbele ya nyumba ya Gerlinde, ambaye pazia lake lilisogea. Nilisikiliza hadi akakata kona ya duka la mikate. Sufuria bado ilikuwa juu ya jiko, na nilikuwa nimesahau kuzima moto.